Le Havre: Bandari Iliyoamriwa

Miji mingi ya pwani ilizaliwa pasipo mtu kuiamuru. Wavuvi walipata hori iliyokingwa na upepo, wakavuta vyombo vyao mchangani, wakajenga vibanda. Mchuuzi akawafuata, baada yake akaja mtoza ushuru, na hatimaye mtawala akaja kudai kwamba mji ulikuwa wake tangu zamani. Le Havre, mji wa kaskazini ya Ufaransa ulio mahali mto Seine unapoingia baharini, haukuzaliwa hivyo. Ulizaliwa kwa waraka. Mfalme François wa Kwanza alimpa Amiri wake wa bahari, Guillaume Gouffier wa Bonnivet, amri ya kutafuta mahali pa bandari mwanzoni mwa mwaka wa 1517, na tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule akatia sahihi hati ya kuanzisha mji. Mahali penyewe palikuwa kinamasi, hapana watu illa wachache, na maji ya chumvi yalipatembelea kila bamvua.

Jina la mji nalo lina habari yake. Mfalme alitaka uitwe kwa jina lake. Waandishi wake waliokuwa wamelewa elimu ya Kiyunani na Kilatini wakaunda jina la Franciscopolis, yaani mji wa François. Watu hawakulipokea. Palikuwa na kanisa dogo karibu na hapo lililowekwa kwa Bibi Mariamu wa Neema, na mabaharia walikwisha kuzoea kupaita Havre de Grâce, maana yake Bandari ya Neema. Neno la neema likadondoka baadaye kwa wepesi wa ulimi, likabaki la kwanza peke yake. Le Havre maana yake ni Bandari tu, kama kwamba duniani hapana nyingine. Amri ya mfalme iliweza kuchimba bwawa na kuinua mnara. Haikuweza kugeuza ndimi za watu.

Sababu ya kujenga mahali pabaya namna ile haikuwa upumbavu. Kwa muda mrefu bandari kuu ya mlango wa Seine ilikuwa Harfleur, mwendo mfupi upande wa mashariki. Lakini mto huchukua tope na mchanga kutoka bara, na kila mwaka mkondo wa Harfleur ulizidi kuwa mfupi wa kina, hata merikebu kubwa zikashindwa kuingia. Paris na Rouen zilihitaji mlango wa bahari, na mfalme alihitaji mahali pa kuweka merikebu zake za vita mbele ya Waingereza. Tena mahali pale penye kinamasi palikuwa na jambo moja ambalo mabaharia walilijua: maji yakisha kujaa hayaanzi kupwa mara moja. Hutulia juu kwa muda wa saa mbili na zaidi, kwa sababu ya jinsi mkondo wa bahari na umbo la pwani vinavyokutana katika ghuba ile. Katika pwani ambayo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 7 wakati wa bamvua, muda huo wa utulivu ni hazina. Nahodha hupata nafasi ya kuingia, kugeuza chombo na kufunga kamba bila kuhofu kukaa matopeni. Yeyote aliyewahi kungojea maji kujaa ili atoe chombo ataelewa kwa nini walivumilia mbu na matope kwa ajili ya saa mbili.

Bahari haikuchelewa kudai haki yake. Usiku wa tarehe 15 Januari 1525 dhoruba ilisukuma maji juu ya mji mchanga, ikazoa nyumba na mashua za uvuvi, na watu wapata 100 wakafa maji. Wenyeji waliuita msiba huo Maji Maovu, wakaufanyia ibada ya ukumbusho kwa miaka mingi. Na mfalme mwenyewe alipata somo la namna nyingine. Aliamuru iundwe hapo merikebu kubwa kupita zote zilizopata kuonekana, ikaitwa La Grande Françoise. Yasimuliwa kwamba ndani yake mlikuwa na kanisa, uwanja wa kuchezea mpira na kinu cha upepo. Mwaka wa 1533 ikatolewa ili iende baharini. Ilikuwa kubwa kuliko mlango wa bandari. Ikakwama, dhoruba ikaipindua, na mbao zake zikavunjwa na kujengea nyumba za maskini katika mtaa mmoja wa mji. Hii huenda ndiyo faida ya kweli iliyopatikana kwa chombo kile.

Mwaka wa 1541 mhandisi Mwitaliano kutoka Siena, Girolamo Bellarmato, alipewa mamlaka ya kupanga mtaa mpya. Alichora njia zilizonyoka zikikatana kwa pembe mraba, akaweka kanuni za ujenzi. Mtaa huo, Saint-François, ungalipo, na mistari ya njia zake ni ile ile. Yafaa kuikumbuka rula ya Bellarmato, maana itarudi baada ya miaka 400 mikononi mwa mtu mwingine. Karne zilizofuata zilikuwa na vita vyake. Mwaka wa 1562 Waprotestanti wa Ufaransa walimkabidhi Malkia Elizabeth wa Uingereza mji huu ili awasaidie kwa fedha na askari. Mwaka uliofuata Wafaransa wa madhehebu zote mbili wakaungana kuwatoa Waingereza, na tauni ikafanya kazi kubwa kuliko mizinga. Mara kadhaa baadaye merikebu za Uingereza zilikuja kuupiga mji kutoka baharini. Hayo ni mambo ya kawaida kwa mji uliowekwa mpakani uwe ngome.

Lililoutajirisha si ngome. Katika karne ya 18 matajiri wa Le Havre waliingia katika biashara ya watumwa, na mji ukawa mmojawapo wa bandari nne kubwa za Ufaransa katika kazi hiyo, pamoja na Nantes, Bordeaux na La Rochelle. Safari zilizotoka Le Havre kwa ajili ya kununua watu zapata 400. Merikebu zilipakia vitambaa, bunduki, pombe na vyuma, zikaenda pwani ya Afrika ya magharibi. Kutoka huko zilivusha watu hata visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti. Zikarudi na sukari, kahawa, pamba na nili. Jamaa ya Foäche walikuwa na merikebu Le Havre na shamba la miwa Saint-Domingue, hata faida ikawaingilia kwa milango miwili. Mmoja wao, Martin-Pierre Foäche, alinunua mwaka wa 1800 nyumba nzuri iliyojengwa na msanifu Paul-Michel Thibault mbele ya gati: ghorofa zimezunguka kisima cha nuru katikati, na dirishani mwenye nyumba aliweza kuona vyombo vyake vikiingia. Nyumba hiyo ingalipo. Ni miongoni mwa majengo machache sana ya karne ile yaliyonusurika katika mji wote, na sasa ni makumbusho.

Mji huo huo ulimzaa mwaka wa 1737 Bernardin de Saint-Pierre, ambaye kitabu chake Paul et Virginie kilichotoka mwaka wa 1788 kilisomwa katika nchi nyingi. Wengi wanamjua kwa hadithi hiyo ya mapenzi ya vijana wawili wa kisiwa cha Mauritius, wasijue kwamba alitangulia kuandika jambo zito zaidi. Alikaa kisiwani, ambako wakati ule kuliitwa Île de France, tangu mwaka wa 1768 hata 1770, akiwa mhandisi wa serikali. Aliona jinsi watumwa walivyopigwa na kuwindwa walipotoroka, na katika kitabu cha safari yake alichokitoa mwaka wa 1773 akaushutumu utumwa waziwazi. Watumwa aliowaona walitoka Madagascar, Msumbiji na pwani ya kaskazini yake. Miaka mitatu tu baada ya kitabu hicho kutoka, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo. Kwa hiyo msomaji wa pwani yetu anaposikia jina la Bernardin hana haja ya kudhani kwamba habari zake ni za mbali. Mtoto wa bandari iliyouza watu aliiona bidhaa ya bandari yake ikifanya kazi shambani, katika bahari ya Hindi, akakataa kunyamaza. Mji umempa sanamu; lakini aliyeipata nyumba nzuri ni Foäche.

Baada ya mwaka wa 1815, amani ilipopatikana, bidhaa zilibadilika. Pamba ya Marekani ilikuja kwa marobota kwenda viwanda vya Normandie na Alsace, na merikebu zilizoileta hazikutaka kurudi tupu. Zikawapakia Wajerumani, Waswisi na Wafaransa waliokuwa wakihama kwenda New York na New Orleans. Reli kutoka Paris ilifika mwaka wa 1847. Meli za moshi za Kampuni ya Transatlantique zilianza safari za New York mwaka wa 1864. Soko la kahawa lililofunguliwa mwaka wa 1882, ambamo watu waliuza na kununua buni ambayo bado haijachumwa, lilikuwa kati ya masoko yaliyoamua bei ya kahawa duniani. Kuta za ngome zilibomolewa katika miaka ya 1850 ili mji upumue.

Ndipo mji ulipogawanyika kwa namna ambayo hata mgeni aliiona kwa kuinua macho. Nyuma ya uwanda wa bandari kuna mwinuko mkali wa mawe ya chokaa, nao huitwa La Côte. Huko juu, penye hewa safi na bustani, walijenga matajiri wa pamba na kahawa, wengi wao Waprotestanti kutoka Alsace na Uswisi. Chini, karibu na magati, palisongamana mabaharia kutoka Bretagne, makuli, washonaji wa matanga na wanawake wa kuchambua buni. Huko kipindupindu kilipokuja kilipata makao. Tangu mwaka wa 1890 kulikuwa na gari la kuvutwa kwa kamba lililopandisha watu kilimani kwa nauli ndogo. Kupanda kwa gari kulikuwa rahisi. Kupanda kwa maisha kulikuwa habari nyingine, na mwaka wa 1910 mji ulionyesha jinsi ulivyo.

Wachukuzi wa makaa ya mawe walikuwa chini ya makuli wote. Kazi yao ilikuwa kujaza matumbo ya meli za moshi. Walilipwa kwa siku, siku nyingine hawakupata kazi kabisa, na sehemu kubwa ya ujira iliishia katika vilabu vya pombe vya gatini. Katibu wa chama chao alikuwa Jules Durand, kijana wa miaka 30, msomaji wa vitabu, ambaye hakunywa pombe na aliwasihi wenzake waiache. Agosti 1910 wakagoma, wakitaka nyongeza ya ujira na kupinga mtambo mpya wa kupakia makaa ambao ungewanyima wengi riziki. Tarehe 9 Septemba kuli mmoja aliyekataa kugoma, Louis Dongé, akiwa amelewa, aligombana na walevi wengine usiku, akapigwa, akafa. Durand hakuwapo. Lakini walijitokeza mashahidi, makuli waliokuwa kazini wakati wa mgomo, wakadai kwamba katika mkutano wa chama yeye alipigisha kura ya kumwua Dongé. Mamia ya watu walikuwa katika mikutano ile, wala hawakusikia kura hiyo.

Kesi ilisikilizwa Rouen. Wakili wa Durand alikuwa kijana wa Le Havre aliyeitwa René Coty, ambaye baadaye, mwaka wa 1954, alikuwa Rais wa Ufaransa. Tarehe 25 Novemba 1910 wazee wa baraza walimwona Durand ana hatia, na hakimu akatamka kwamba atakatwa kichwa hadharani katika uwanja wa Rouen. Watatu waliokuwa katika ugomvi wenyewe walipewa kazi ngumu. Hapana asiyeona ukilema wa hukumu hiyo: waliopiga wakapona, asiyekuwapo akatakiwa kufa. Durand aliposikia alianguka, akashikwa na kifafa, akatolewa amefungwa. Mji wa Le Havre ukasimama kwa mgomo. Makuli wa nchi nyingine wakatoa sauti. Jean Jaurès akaandika akiilinganisha kesi hii na ile ya Dreyfus. Rais Fallières akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha miaka 7, jambo ambalo halikumridhisha mtu, maana kama Durand alikuwa na hatia miaka 7 ilikuwa kidogo, na kama hakuwa nayo hata siku moja ilikuwa nyingi. Februari 1911 alifunguliwa. Watu walijaa kumpokea. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Akili yake ilikwisha kuvunjika katika chumba cha waliohukumiwa kufa. Baada ya muda mfupi alipelekwa katika hospitali ya wenye wazimu, na hapo ndipo alipofia mwaka wa 1926. Mahakama kuu ilikwisha kutangua hukumu mwaka wa 1912, na tarehe 15 Juni 1918 ikatangaza kwamba hakuwa na hatia yoyote. Mwenyewe hakuwa na akili ya kuielewa habari hiyo. Mashahidi wa uongo hawakuadhibiwa. Mwaka wa 1960 Armand Salacrou, mwandishi wa michezo aliyekulia Le Havre na aliyekuwa mtoto wakati wa kesi, aliitungia mchezo.

Mji wenye mambo kama hayo hupendwa na wachoraji. Claude Monet alilelewa hapa, na ni Eugène Boudin aliyemtoa nje ya nyumba kwenda kuchora mawingu. Novemba 1872, kutoka dirisha la hoteli lililotazama bandari, Monet alichora jua likichomoza katika ukungu na moshi, akaiita picha yake Impression, soleil levant. Ilipoonyeshwa Paris mwaka wa 1874, mkosoaji mmoja alilichukua jina hilo kuwa dhihaka, na dhihaka ikawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Wengi huitazama picha hiyo kama wimbo wa maumbile. Lakini nyuma ya mashua zile mbili kuna winchi, milingoti na mabomba ya moshi: ni picha ya siku ya kazi inayoanza, katika magati ya wale wachukuzi wa makaa. Miaka 60 baadaye alikuja mwalimu wa falsafa, Jean-Paul Sartre, akafundisha katika shule ya mji tangu mwaka wa 1931, akauweka katika riwaya yake La Nausée ya mwaka wa 1938 kwa jina la Bouville, ambalo sikioni mwa Mfaransa lasikika kama Mji wa Matope. Bila shaka si sifa, wala kwa historia ya kinamasi si uongo.

Baina ya vita hivyo vya kalamu na rangi kuna jambo dogo ambalo wasomaji wa Afrika ya mashariki na Kongo wana haki ya kulijua. Mwaka wa 1914 Wajerumani walipoiteka karibu Ubelgiji yote, serikali yake ilikimbilia Sainte-Adresse, kijiji cha matajiri kilichoshikana na Le Havre upande wa magharibi. Ilikaa pale tangu Oktoba 1914 hata Novemba 1918, ikiwa na wizara zake na posta yake iliyotumia stempu za Ubelgiji. Ni katika muda huo askari wa Kongo chini ya maofisa wa Kibelgiji waliingia Kigali na Usumbura, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaitwaa Tabora. Dola iliyokuwa ikipanua mipaka yake katika Maziwa Makuu, nyumbani ilikuwa mpangaji katika kijiji cha pwani ya Normandie.

Wajerumani walirudi mwaka wa 1940, na safari hii walifika Le Havre wakakaa. Waliizungushia bandari ngome za zege na mabomu ya kutega. Kabla ya mwisho wa vita mji ulipigwa kutoka angani mara 132. Majeshi ya Muungano yalipoteremka Normandie mwezi wa Juni 1944, yalihitaji bandari ya kupitisha chakula na mafuta, na Hitler aliamuru bandari zote zishikwe hata mtu wa mwisho. Waingereza wakauzunguka mji mwanzoni mwa Septemba. Mkuu wa Wajerumani, Kanali Eberhard Wildermuth, aliomba raia waruhusiwe kutoka kabla ya mapigano. Jenerali wa Kiingereza alikataa.

Tarehe 5 Septemba, jioni, ndege zaidi ya 300 zilimwaga mabomu na moto juu ya katikati ya mji; siku ya pili zikarudi kupiga mitaa iliyobaki. Katika tundu la barabara ya chini ya kilima lililokuwa halijamalizika, mahali watu walipokimbilia kama handaki, mlango uliporomoka na watu 319 wakafa ndani. Kwa siku mbili hizo raia wapata 2,000 walikufa. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa katika ngome za pembezoni, wala si katika mitaa iliyoteketezwa. Shambulio la ardhini lilianza tarehe 10, na tarehe 12 Wajerumani wapata 11,000 walisalimu amri. Waingereza waliouawa na kujeruhiwa hawakufikia 500. Kwa hesabu ya vita ulikuwa ushindi wa bei rahisi. Kwa hesabu ya mji, vita vyote viliua watu wapata 5,000, nyumba 12,500 zilivunjwa, na watu 80,000 walikosa makao. Wakombozi walipoingia katikati ya vifusi walipokewa kwa kimya. Ni vigumu kumtupia maua mtu aliyekuokoa kwa kuizika nyumba yako, na ni vigumu pia kumchukia. Kimya hicho kilidumu. Kwa miaka mingi wenyeji waliombolezea Septemba nyumbani kwao, huku taifa likisherehekea ukombozi. Ama Kanali Wildermuth, baada ya vita aliingia katika siasa, na kutoka mwaka wa 1949 alikuwa waziri wa ujenzi wa nyumba katika Ujerumani ya Magharibi.

Bandari ilifunguliwa upesi. Wamarekani walipitisha hapo askari kwa maelfu na maelfu, wakawaweka katika makambi ya mahema yaliyopewa majina ya sigara: Lucky Strike, Philip Morris na mengineyo. Desemba 1946 meli kubwa ya Kijerumani Europa, iliyokabidhiwa Ufaransa kuwa fidia, ilikata kamba katika dhoruba ikajigonga kwenye mzoga wa meli Paris iliyoungua hapo mwaka wa 1939, nayo ikazama wima. Hata fidia ilikuja na hasara yake.

Kazi ya kuujenga mji upya serikali ilimpa Auguste Perret, mwenye umri wa miaka 71 mwaka wa 1945, mtu aliyeyatumikia maisha yote mawe ya kumimina, yaani zege. Fikira yake ya kwanza ilikuwa kuuinua mji mzima juu ya jukwaa la zege la zaidi ya mita 3, ili mabomba na magari yapite chini. Saruji na chuma havikutosha, ikakataliwa. Akabaki na rula. Njia zote zilipangwa kwa kipimo kimoja cha mita 6.24, nguzo kwa nguzo, dirisha kwa dirisha. Hapo ndipo Bellarmato aliporudi. Perret alifikiri kwamba zege likichanganywa kwa ustadi, kwa kokoto za rangi mbalimbali, likichongwa uso wake, halihitaji kufichwa kwa chokaa. Anayepita katika barabara ya Foch wakati wa jua la magharibi huona kuta zikigeuka rangi ya waridi na ya mchanga, akaanza kumsadiki. Anayepita wakati wa mvua ya Januari hana budi kuwahurumia waliosema kwamba ni mji wa Kisovyeti.

Walisema hivyo kwa muda mrefu. Mwenye nyumba iliyovunjwa hakurudishiwa nyumba. Alipewa fungu katika jengo la ushirika lenye thamani iliyokadiriwa, na jirani ambaye hakumchagua. Bustani yake, ngazi yake yenye mlio wake, duka la chini alilozaliwa akiliona, havikuwamo katika hesabu. Lakini haki yataka kusema pia kwamba ndani ya vyumba vya Perret mlikuwa na madirisha marefu pande mbili, joto la mabomba, bafu na jiko lenye nafasi, mambo ambayo kuli wa Saint-François hakuyapata hata ndotoni. Wazee waliolia juu ya njia za zamani mara nyingi hawakutaja choo cha zamani. Perret alikufa mwaka wa 1954, asiuone mwisho. Kazi iliendelea chini ya wanafunzi wake hata mwaka wa 1964. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara wa mita 107, ni ukumbusho wa waliokufa katika mji. Marguerite Huré alilipamba kwa vioo vya rangi 12,768, na hakuna hata kimoja chenye picha ya mtu. Rangi hubadilika ukutani kwa mwendo wa jua. Kwa kuwa mnara ni mtupu tangu sakafu hata juu, anayesimama katikati yake na kuinua kichwa hujiona kama yuko chini ya kisima kilichogeuzwa.

Mji uliojengwa na dola ulijichagulia viongozi wa kuipinga: kutoka mwaka wa 1965 hata 1995 mameya wake walikuwa Wakomunisti, mfululizo. Katika mji wa Durand jambo hilo halina mshangao. Walijenga shule na nyumba za kupangisha, wakamwalika Oscar Niemeyer wa Brazil awajengee nyumba ya sanaa, iliyofunguliwa mwaka wa 1982, nyeupe yenye umbo la mlima wa moto, labda jengo pekee la kati lililothubutu kukataa rula. Lakini kazi zilikuwa zikikimbia. Meli France ilisimamishwa mwaka wa 1974, na mwisho wake ulikuwa mwisho wa safari kubwa za abiria. Viwanda vya kuunda meli vilifuata. Watu waliokuwa zaidi ya 217,000 mwaka wa 1975 leo wapata 165,000.

Julai 2005 Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliandika katikati ya Le Havre katika orodha ya urithi wa dunia. Wenyeji walicheka kwanza. Walikuwa wamejifunza kwa miaka 50 kuomba radhi kwa wageni kwa ajili ya zege lao, na sasa wageni walikuja kwa makundi kulipiga picha. Chumba kimoja cha Perret kimewekwa viti, vyungu na redio za mwaka wa 1950, watu hulipa kukiona, na bibi wengine hutoka humo wakisema kwamba wana kabati kama lile nyumbani.

Bandari yenyewe imehama. Mwaka wa 2006 yalifunguliwa magati mapya ya makontena kusini, juu ya ardhi iliyonyang'anywa matope ya Seine, na Le Havre ndiyo ya kwanza katika Ufaransa kwa shehena za namna hiyo. Tangu mwaka wa 2021 imeunganishwa na bandari za Rouen na Paris kuwa shirika moja, jambo ambalo Mfalme François angelielewa upesi. Meli za siku hizi hukaa gatini kwa saa chache, mabaharia hawapati wasaa wa kufika mjini, na kuli mmoja katika chumba cha winchi hufanya kazi ya mamia. Mtambo ule ambao wachukuzi wa makaa waliugomea mwaka wa 1910 umeshinda kabisa. Mbele ya gati la zamani, dirishani mwa nyumba ya Foäche, haionekani tena meli ikiingia. Huonekana mashua za starehe, na njia zilizonyoka za Saint-François zingalipo, zile za mwaka wa 1541.